Kupima aspirini kwenye tembe kwa rangi ya zambarau: mwongozo wa maabara ndogo

Aspirini haina rangi, na ukiitia kwenye maji ya chuma haifanyi lolote. Ichemshe na soda kaustiki ivunjike iwe asidi ya salisiliki (hapa tutaiita salisiliki tu), kisha uiweke kwenye maji yenye chuma cha feri na asidi kidogo, na papo hapo utaona zambarau nzito. Zambarau hiyo hunywa mwanga wa kijani, zaidi ya yote karibu na nanomita 530. Dawa ikiwa nyingi, mwanga unaopenya hupungua, na kwa kipimo hicho cha mwanga unaweza kujua tembe iliyoandikwa miligramu 300 ina miligramu ngapi kweli.

Jambo moja lishikwe kabla ya kuwasha mashine: rangi hii inapima salisiliki. Aspirini inahesabiwa kwa sababu umeigeuza kuwa salisiliki wewe mwenyewe. Tembe iliyokaa dirishani ikapigwa na joto na unyevu hadi ikaanza kunuka siki imekwisha kujigeuza yenyewe, na kipimo hiki peke yake kitakuambia iko sawa asilimia mia. Ndiyo maana mwongozo huu una vipimo viwili, na cha pili kisirukwe.

Vifaa, na maji kwanza

Unahitaji spektrofotomita au kolorimita (mashine ya kupima mwanga unaopenya kwenye mmumunyo) inayofika nanomita 530, kuveti (vichupa vya kuwekea mmumunyo ndani ya mashine) za sentimita 1, flaski za ujazo za mililita 250 na 50, pipeti ya mililita 2, bureti ya mililita 10, kinu na mchi wa kaure, karatasi za chujio, na mizani. Mizani ndiyo hubana wengi. Ile ya sonara inayosoma gramu 0.01 haifai: ukipima miligramu 300 juu yake, unaweza kukosea miligramu 10, yaani zaidi ya asilimia 3 kabla hujafanya kitu. Inayosoma miligramu 1 inatosha kwa kazi ya kuchuja wema na wabaya; inayosoma miligramu 0.1 ndiyo inayostahili kazi yenyewe.

Pipeti usiiamini kwa maandishi yake. Weka chupa ndogo kwenye mizani, mimina mililita 2 za maji, soma. Inapaswa kutoka gramu 1.99 hadi 2.00. Rudia mara tano. Zikitawanyika, shida ni mkono au ncha iliyopasuka, na hakuna hesabu itakayoziponya baadaye.

Maji yawe yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa chumvi. Yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri hufaa mara nyingi, ila soma lebo mara mbili, kwa kuwa rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri, na hiyo ni asidi ya sulfuriki. Maji ya kisima cha Nairobi yaache kabisa. Visima vingi vya huku vina floraidi nyingi, na floraidi hushikana na chuma na kutengeneza kitu kisicho na rangi. Ukitumia chuma kingi kama ilivyoandikwa hapa chini, huenda usione athari. Atakayepunguza chuma ili kuokoa kemikali ndiye atakayeona zambarau yake ikififia bila sababu anayoijua. Ya mfereji nayo yana klorini na mabaki mengine. Yatumie kuoshea vyombo mara ya kwanza tu, kisha suuza mara tatu kwa maji safi.

Vitendanishi

Soda kaustiki ya moli 1: pima gramu 10 za hidroksidi ya sodiamu, uzitie kidogo kidogo kwenye mililita 200 hivi za maji, koroga, acha ipoe, kisha ongeza maji hadi mililita 250. Itie soda kwenye maji, kamwe usifanye kinyume. Itapata moto mkali. Miwani machoni wakati wote. Tone moja la soda kaustiki jichoni ni jambo la hospitali.

Maji ya chuma: kwenye flaski ya lita 1 tia maji mililita 300, halafu mililita 2.1 za asidi hidrokloriki kali ya asilimia 37, halafu gramu 5.4 za kloridi ya feri yenye maji sita. Tikisa hadi iyeyuke yote, jaza hadi alama. Utapata mmumunyo wa njano hafifu usio na chembe. Asidi itangulie. Ukiyeyusha kloridi ya feri kwenye maji matupu, chuma huanza kugeuka kutu, na kutu hiyo ikishatokea huwa ngumu kurudi. Kloridi ya feri pia hufyonza unyevu hewani. Ikiwa kopo limefunguliwa mwaka jana na ndani kuna uji wa kahawia, vipande vikavu vya rangi ya haradali havipo tena na uzito unaopima ni wa maji. Kwa njia hii si msiba, maana chuma kimewekwa kwa wingi mno, lakini kitendanishi kimoja kitumike kwa vipimo vyote vya siku: vya kulinganishia na vya tembe.

Kiasi cha asidi si mapambo. Asidi ikipungua sana, zambarau huelekea wekundu wa kahawia, kwa kuwa salisiliki mbili huanza kuishika chembe moja ya chuma. Asidi ikizidi, salisiliki hushindwa kuachia hidrojeni zake na rangi hupungua. Yote mawili hutoa namba zinazopendeza machoni na za uongo.

Kiwango rejea, yaani kitu cha kulinganishia, ni asidi ya salisiliki safi ya maabara, asilimia 99 au zaidi. Usitumie unga wa kuchanganyia marhamu ambao hujui umetoka wapi. Ukitaka kuukausha, uweke usiku kucha kwenye chombo kilichofungwa chenye silika. Usiuweke kwenye tanuri la moto, kwani salisiliki hupaa ikawa mvuke kabla ya kuyeyuka, na utaikuta imegandamana juu ya kifuniko.

Mstari wa kulinganishia

Pima miligramu 300.0 za asidi ya salisiliki kwenye bika ndogo. Ongeza mililita 10 za soda kaustiki ya moli 1, tikisa iyeyuke, hamishia kwenye flaski ya mililita 250 huku ukisuuza bika mara tatu, jaza kwa maji hadi alama. Sasa una miligramu 1.200 katika kila mililita. Kama mizani imetoa 298.6, andika 298.6, usihangaike kuongeza punje hadi ifike 300 kamili, hesabu itajirekebisha.

Kwa bureti, toa mililita 0.5, 1.0, 1.5, 2.0 na 2.5 kwenye flaski tano za mililita 50. Jaza kila moja hadi alama kwa maji ya chuma. Geuza juu chini mara kumi. Sasa zina miligramu 0.012, 0.024, 0.036, 0.048 na 0.060 kwa mililita. Flaski ya sita iwe ya maji ya chuma matupu. Hiyo ndiyo blanki, na ndiyo unayotumia kuiambia mashine hapa ni sifuri. Blanki ya maji safi si sahihi, kwa sababu chuma chenyewe kina njano yake.

Mashine iwashwe dakika 20 kabla. Stima ikipotea na kurudi, taa inaanza upya: subiri tena, weka blanki tena, na vipimo ulivyokuwa umefikia katikati virudiwe vyote. Kuunganisha nusu ya kabla ya giza na nusu ya baada ya giza ni kujitafutia mstari uliovunjika.

Suuza kuveti kwa mmumunyo unaoupima, mara mbili, kabla ya kuijaza. Panga kutoka hafifu kwenda nzito. Shika pande zenye mikwaruzo, futa pande za mwanga kwa karatasi laini, angalia kama kuna kiputo kimeng'ang'ania ukutani, na iingize ikielekea upande ule ule kila mara. Asubuhi za Julai, flaski iliyotoka kwenye friji au chumba baridi huifanya kuveti itoke jasho kwa nje, na mashine itausoma umande huo kama dawa. Acha kila kitu kifikie joto la chumba.

Soma ufyonzaji, yaani kipimo cha mwanga ulionywewa, ndani ya nusu saa. Kiwango cha juu kabisa kitatoka karibu na 0.7 kwenye mashine nzuri. Tuchukue mfano wa masomo haya: 0.136, 0.271, 0.404, 0.541, 0.674. Ukiyachora dhidi ya miligramu kwa mililita utapata mstari wenye mwinuko wa 11.22, unaokata mhimili kwenye 0.001, yaani sifuri kwa matumizi yetu. Ukikata kwenye 0.03 au zaidi, blanki yako au kuveti yako ina tatizo. Nukta ya mwisho ikianza kuinama chini, mwanga wa kando unaingia kwenye mashine au kichujio chake kinapitisha rangi nyingi mno. Iondoe nukta hiyo ya juu, usiilazimishe kwa rula.

Tembe

Pima tembe 20 kwa pamoja, gawanya kwa 20 upate uzito wa wastani. Zisage zote kwenye kinu hadi ziwe unga kama wa mahamri. Watu hupenda kusaga tembe moja ili kuokoa nyingine. Hapo unapima tembe hiyo tu, na huwezi kusema neno kuhusu pakiti.

Pima unga wenye takriban miligramu 400 za aspirini kufuatana na lebo. Tembe ya miligramu 300 ikiwa na uzito wa wastani wa gramu 0.3620, utachukua 400 ÷ 300 × 0.3620, yaani gramu 0.4827. Andika uzito halisi uliopata. Fanya hivi mara tatu, vipimo vitatu tofauti kutoka unga ule ule.

Tia unga kwenye flaski ya koni, ongeza mililita 10 za soda kaustiki ya moli 1, funika kwa glasi ya saa, iweke kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika 15 huku ukizungusha kila mara. Hapa Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Maelekezo yaliyoandikiwa pwani au Ulaya husema dakika 10. Tano za ziada ni za kimo chetu. Usiamini hata hizo bila ushahidi: chukua kipimo cha ziada, kichemshe dakika 30, ulinganishe. Masomo yakilingana, 15 zinatosha. Ya dakika 30 yakizidi, uvunjaji haukuwa umekamilika. Angalia pia flaski isikauke, ongeza maji kidogo ikibidi.

Ipoe, hamishia kwenye flaski ya mililita 250, suuza mara tatu, jaza hadi alama. Utaona imekuwa kama maji ya ugali mwepesi. Huo ni wanga wa tembe, ambao soda kaustiki na moto umeupika. Chuja kwa karatasi kavu, mwaga mililita 20 za kwanza, halafu chukua mililita 2.0 za maji yaliyochujwa kwenye flaski ya mililita 50 na ujaze kwa maji ya chuma. Chujio likiziba, subiri unga utuame kwa nusu saa kisha uchuje ya juu, au tumia mashine ya kuzungusha kama ipo.

Pembeni, tengeneza blanki ya tembe: mililita 2.0 zile zile, lakini ujaze kwa maji yenye asidi hidrokloriki pekee, mililita 2.1 kwa lita, bila chuma. Isome kwenye 530 dhidi ya maji hayo hayo. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikitoka 0.02, una ukungu au rangi ya ganda la tembe, na hiyo 0.02 uitoe kwenye somo la zambarau. Tembe za rangi na zile zenye ganda la kuyeyukia utumboni, kama nyingi za miligramu 75 zinazotolewa kwa wagonjwa wa moyo, zinahitaji hatua hii kila mara. Ganda hilo huyeyuka vizuri kwenye soda kaustiki, kwa hiyo lenyewe halizuii dawa kutoka.

Hesabu, hatua kwa hatua

Zambarau ya tembe imesoma 0.533. Toa 0.001, gawanya kwa 11.22: miligramu 0.04742 za salisiliki kwa mililita. Zidisha kwa 50, upate miligramu 2.371 zilizokuwa kwenye mililita 2. Zidisha kwa 125, kwa kuwa mililita 2 ni sehemu ya 125 ya 250: miligramu 296.4. Sasa rudi kwenye aspirini. Uzito wa moli ya aspirini ni 180.16 na wa salisiliki ni 138.12, kwa hiyo zidisha kwa 1.304: miligramu 386.5 za aspirini ndani ya gramu 0.4827 za unga. Tembe moja ina gramu 0.3620 za unga, hivyo 386.5 × 0.3620 ÷ 0.4827 ni miligramu 289.9. Hiyo ni asilimia 96.6 ya lebo.

Mtu akisahau kuzidisha kwa 1.304, tembe nzima kama hii itatoka asilimia 74. Ukiona karatasi yenye 74, 75 au 76 kwa dawa inayoonekana nzuri, angalia hapo kwanza kabla ya kumshuku mwenye kiwanda.

Farmakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) ya Uingereza hutaka tembe za aspirini ziwe kati ya asilimia 95 na 105 ya lebo; ya Marekani hukubali 90 hadi 110. Vipimo vyako vitatu visipishane zaidi ya asilimia 2. Vikipishana zaidi, usitoe wastani ukatulia, tafuta kilichoharibika. Mara nyingi ni unga ambao haukusagika sawasawa, au pipeti.

Pia usikitumie kipimo hiki kwa tembe za maumivu zenye aspirini, paracetamol na kafeini pamoja, zile zinazouzwa moja moja kwenye vibanda. Paracetamol ina fenoli yake inayoweza kushikana na chuma, na ikichemshwa na soda kaustiki hutoa vitu vinavyobadilika rangi vyenyewe. Namba itatoka, ila haitakuwa ya aspirini.

Kipimo cha siki

Fungua pakiti unuse. Siki ni asidi asetiki, nusu ya pili ya aspirini iliyovunjika. Pua hugundua mapema, lakini haiandiki ripoti.

Pima unga wenye miligramu 400 za aspirini, uutie kwenye flaski ya mililita 50, ongeza mililita 30 za ethanoli ya asilimia 95 isiyo na rangi, tikisa dakika 5, jaza kwa ethanoli hadi alama, chuja haraka. Hakuna soda kaustiki hapa, hakuna moto. Spiriti ya dukani yenye rangi ya zambarau au buluu haifai hata kidogo, na sababu unaiona kwa macho.

Kwa kulinganisha, yeyusha miligramu 120 za asidi ya salisiliki kwenye ethanoli hadi mililita 100, kisha chukua mililita 2 za hiyo uzijaze ethanoli hadi mililita 100. Hii ina miligramu 0.024 kwa mililita.

Sasa flaski tatu za mililita 50: moja mililita 10 za ethanoli ya tembe uliyoichuja, ya pili mililita 10 za kiwango hiki, ya tatu mililita 10 za ethanoli tupu iwe blanki. Zijaze kwa maji ya chuma, tikisa, soma ndani ya dakika 5, kwa kuwa aspirini nzima iliyomo ikiachwa kwenye asidi nayo itaanza kuvunjika polepole na kukuongezea rangi. Kiwango hicho kimepangwa kwa makusudi: kinalingana na asilimia 0.3 ya salisiliki huru (ile iliyokwisha kuwamo kwenye tembe kabla hujaivunja), ambayo ndiyo mpaka wa farmakopia ya Marekani kwa tembe zisizo na ganda. Kitasoma karibu na 0.055. Tembe ikisoma zaidi, imeanza kuoza. Hata bila mashine, weka mirija miwili, wa tembe na wa kiwango, mbele ya karatasi nyeupe. Iliyoiva zaidi inaonekana.

Salisiliki huru uliyoipata uigeuze iwe aspirini kwa kuzidisha 1.304, uitoe kwenye jumla ya kipimo cha kwanza. Hapo ndipo unapopata aspirini iliyobaki kweli.

Kama huna spektrofotomita

Kolorimita ya kutosha hujengwa kwa vitu vinavyopatikana kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue: LED (taa ndogo) ya kijani, rezista ya ohm 150, fotodayodi (kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme) kama BPW34, rezista ya kiloohm 10, na malitimita yenye kipimo cha milivolti 200. Omba LED ya kijani yenye kioo cheupe na mwanga mkali, ambayo kilele chake kipo karibu na nanomita 525. Zile za zamani zenye kioo cha kijani na mwanga hafifu wa kijani-njano ziko karibu na 565, na hapo zambarau yetu hunywa mwanga kidogo kuliko inavyotakiwa.

LED iunganishwe na chaja ya simu ya volti 5 kupitia ile rezista ya 150. Fotodayodi na rezista ya kiloohm 10 ziunganishwe sambamba, na malitimita isome voltage kati yao. Vyote viwe ndani ya kisanduku kilichopakwa nyeusi isiyong'aa, kuveti katikati, mfuniko juu. Somo la blanki lisipite milivolti 200. Likipita, weka rezista ya kiloohm 4.7, kwa kuwa fotodayodi ikisukumwa juu zaidi huacha kufuata mwanga kwa uwiano. Usitumie ile rezista inayobadilika na mwanga ya bei rahisi badala ya fotodayodi. Inaona mwanga, ila haiuhesabu sawasawa.

Zima LED usome giza, utoe namba hiyo kila mahali. Kisha ufyonzaji ni logi ya blanki kugawanywa na sampuli. Blanki ikiwa 168.0 na sampuli 49.4, mgao ni 3.40 na logi yake ni 0.532. LED hupunguza mwanga kadiri inavyopata joto, kwa hiyo iache iwake dakika 10, na usome blanki kabla na baada ya kila sampuli. Mwinuko wa mstari wako hautakuwa 11.22. Haidhuru, mradi viwango na tembe vimesomwa kwenye kisanduku kimoja, siku moja.

Tembe za kotrimoksazoli

Njia nyingine ya rangi inayofaa kwa dawa za kawaida mitaani ni ya Bratton na Marshall, ya mwaka 1939, kwa dawa za salfa. Kotrimoksazoli ina dawa mbili, na hapa inayopimwa ni salfamethoksazoli. Ya pili, trimethoprimu, haitoi rangi.

Chukua unga wenye miligramu 100 za salfamethoksazoli, tikisa na mililita 10 za soda kaustiki ya moli 0.1, jaza maji hadi mililita 100, chuja. Mililita 1 ya hiyo ijaze hadi 100. Weka mililita 10 kwenye flaski ya 50, ongeza mililita 5 za asidi hidrokloriki ya moli 1, kisha mililita 1 ya nitriti ya sodiamu ya asilimia 0.1. Subiri dakika 3. Mililita 1 ya salfameti ya amoniamu ya asilimia 0.5; utaona viputo vya naitrojeni, subiri dakika 2. Mwisho mililita 1 ya N-(1-nafthili)ethilini diamini dihidrokloraidi ya asilimia 0.1, jaza maji, subiri dakika 10, soma kwenye 545 dhidi ya blanki iliyopitia hatua zote bila dawa. Viwango viwe mikrogramu 0.5 hadi 3 kwa mililita.

Anayeruka salfameti kwa kuona ni hatua ya ziada huacha nitriti ikishambulia kitendanishi cha mwisho, na waridi safi hugeuka kahawia. Kitendanishi hicho cha mwisho kiwe kwenye chupa nyeusi ndani ya friji. Kikishachukua rangi chenyewe, tengeneza kingine.

Na kwenye hesabu, tembe iliyoandikwa 480 haina miligramu 480 za salfa. Ni 400 za salfamethoksazoli na 80 za trimethoprimu. Anayegawanya kwa 480 atapata asilimia 83 kwenye dawa isiyo na kosa. Dawa ikishindwa baada ya hapo, rudia kwa unga mpya, hifadhi tembe zilizobaki ndani ya pakiti yao yenye namba ya bechi, na upeleke taarifa kwa Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Watakaohukumu kwa njia zinazotenganisha dawa moja na nyingine ni maabara kama ile ya taifa ya udhibiti wa ubora wa dawa, NQCL, iliyo eneo la Hospitali ya Kenyatta.